Sahihi ya Emil Havlicek

Lorna aliingia maktaba na theluji mabegani,
akaniomba nimtafutie jina la mumewe
katika barua zilizopelekwa Tume ya Mawasiliano,
milima ya barua juu ya kanuni moja tu:
kwamba mwenye waya asichague
nani apite mbio, nani asubiri mlangoni.

Tulingoja. Huku kwetu Nebraska ukurasa hufunguka
kama kopo kuukuu la rangi: ukingo kwanza,
kisha, kwa kubembelezwa, kati.
Akatokea. Emil Havlicek,
anwani ileile, nyumba ya tatu baada ya ghala la mahindi.
"Naisihi Tume iondoe mzigo huu wa kanuni
unaodumaza uwekezaji na ubunifu."
Tarehe tano Mei.

Emil tulimzika Februari,
ardhi imeganda, jembe likilia kama kengele.

"Ubunifu," akasema Lorna, kidole juu ya kioo.
"Emil? Aliyeifunga redio moja kwa nyaya miaka thelathini?
Hakuwahi kuandika barua bila kuanza na hali ya hewa."
Akacheka, kicheko kikamgeukia kooni.

Chini yake barua nyingine, maneno yaleyale,
koma imekosewa palepale:
Bi Tesarek, aliyefia hospitali ya Lincoln;
Kovanda, ambaye hana hata simu;
na mimi, ninayepumua.
Wafu kwa wazima tumepangwa safu
tuitikie amina kwa dua tusiyoisikia.

Nilimkumbuka Emil na simu sikioni, saa nzima,
kinanda cha kampuni kikimtumbuiza,
akitaka kuuliza tu
mbona filamu zao zinateleza kama siagi
na somo la mjukuu wake linakwama kwenye herufi moja.
"Simu yako ni muhimu kwetu."
Alipokuwa hai hawakumsikia.
Alipokufa wakamsemea.

Lorna akavuta kiti, akaandika kwa vidole viwili:
"Waheshimiwa, huku theluji inaanguka tangu alfajiri.
Mume wangu yuko kilimani, nyuma ya kanisa.
Yeye amenyamaza.
Msiihesabu kimya yake kuwa kura."

Akabonyeza.
Duara likaanza kuzunguka, kuzunguka.
Saa ya kufunga ikafika, nikazima taa za rafu,
nikaiacha moja, ya mezani kwake.
Hakuvua koti. Alikuwa amezoea kungoja.