Thumni

Simu ya kwanza, Jumatatu, saa mbili kasorobo,
sijavua hata glavu.
"Odile Pelkey, wa Madawaska, nyuma ya kiwanda cha karatasi.
Mafuta yangu yako chini kidogo ya robo."
Nikamwuliza yale ambayo fomu huuliza:
umri, mapato, watu nyumbani,
bili ya umeme imefikia wapi.
Akanisomea kila tarakimu polepole,
kama msomaji wa majina ya marehemu kanisani.
Miaka sabini na tisa. Mtu mmoja.
"Na paka, kama mnahesabu."
Hatuhesabu.

Kisha nikasema ninacholipwa kusema:
dharura huanzia kwenye thumni.
Mshale ukiwa juu ya thumni, mama,
hiyo si dharura, huo ni upungufu.

Akanyamaza. Nikasikia friji yake ikinguruma
na nikajiuliza friji ya nini, katika nyumba ile.

"Tangu Oktoba nalala na koti la marehemu Réal.
Vyumba vitatu nimevifunga, milango nimeiziba kwa taulo,
naishi jikoni kama panya wa ghala.
Swichi ya joto iko kumi na tatu, haijapanda hata Krismasi.
Kumbe kosa langu ni kubana?"

Simu zetu hurekodiwa.
Nilitazama dirishani: paa la benki
limebeba theluji ya kimo cha mtoto.
"Bi Pelkey," nikasema, "redio inatabiri hasi thelathini usiku huu.
Unatarajia wageni?"
"Wageni gani?"
"Sijui. Lakini wangekuja, ungewaacha watetemeke?"

Kimya tena, ila cha namna nyingine.
Halafu kicheko, kikavu,
kijiti kikivunjwa gotini.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, sikumwuliza.
Alifungua vyumba vitatu.
Akaokota taulo moja moja, akazikunja.
Akasukuma swichi hadi ishirini na nne,
joto ambalo nyumba ile haikulionja tangu matanga.
Akavuka barabara kumwita Leland Ouellette na dada yake Thaïs,
ambao tangi lao lilikauka siku nne nyuma
na walikuwa wakichemsha maji ili wapate mvuke,
maana kuomba kwao ni kuvuliwa nguo.
Wakacheza karata, mikono mitupu hadi kwenye kiwiko.
Leland akasinzia kitini, mdomo wazi.
Paka akatoka chini ya jiko,
akajinyoosha sakafuni urefu ambao
hakuna aliyejua kuwa anao.
Na chumba cha chini tanuri likavuma mpaka alfajiri
likila alichokificha miezi mitatu,
mshale ukishuka, ukishuka,
mtiifu kwa serikali.

Saa moja asubuhi, simu.
"Thumni," akasema,
akilitamka kama sarafu aliyoiokota njiani
na sasa anaogopa mwenyewe asije akaidai.
"Thumni, labda na unywele chini."

Nikapiga muhuri. Galoni mia, mara moja kwa msimu.
Penye sababu nikaandika: *matumizi ya kawaida*.

Adhuhuri akapiga tena, hakusema hata jambo,
alinyoosha simu nje ya dirisha nisikie.
Lori likirudi kinyumenyume. Mpira ukiburutwa juu ya barafu.
Kisha mluzi, ule wa bomba la hewa,
ambao kila mtu wa huku anaujua tangu utotoni:
tangi hupiga mluzi likinywa
na hunyamaza lenyewe likishiba.

Huu haukunyamaza wenyewe.
Ulikatwa kwenye mia.

"Umesikia?" akauliza Odile.
Nikasema nimesikia.
Taa ya laini ya pili ilikuwa ikiwaka.
Sauti ya mwanamume, ikikohoa kwanza,
ikitafuta namna ya kuanza:
"Mimi ni jirani yake."