Kichwa Si Ukubwa wa Herufi

Nkwimba, nilikudanganya kwa rangi.
Laki tatu zako nilizipokea pale Mwaloni,
zikinuka dagaa, juu ya mizani yako,
nikakujengea tovuti ya kung'aa kama sato akitoka majini:
bluu ya ziwa, picha ya Jiwe la Bismarck,
jina lako limenenepa juu kabisa.
Ukaita majirani, ukawaonyesha.
Kisha ukakaa kungoja simu.

Miezi mitatu.
Mtu wa Bukavu akiandika
*dagaa wakavu wa jumla Mwanza*
analetewa duka la Musoma, analetewa mapishi,
analetewa hata hoteli.
Wewe ulikuwa ukurasa wa tisa,
huko ambako hafiki mtu ila aliyepotea.
Hukunigombeza. Ulisema tu,
"Si wanasema chema chajiuza?"
ukaendelea kupepeta chenga.

Aliyenifumbua ni Bulugu wa Sengerema,
ambaye hajaona kitu tangu surua ya utotoni.
Alivuka na kivuko cha Kamanga, akaketi juu ya gunia,
simu sikioni, sauti ya mashine ikimsomea ukurasa wangu
kwa pumzi moja, bila kituo:
namba ya simu bei karibu tena picha picha picha kilo elfu saba.
Akagusa kioo, akitaka kurukia vichwa vya habari.
Sauti ikamjibu: *hakuna*.
"Kijana, nyumba yako nimeipapasa yote.
Kuta ni laini. Mlango sijauona."
Nikamwambia kichwa kipo, tena kikubwa, tena kinene.
Akacheka mpaka gunia likatikisika.
"Kikubwa kwa jicho la nani?"

Usiku, Igogo, niliufungua msimbo.
Divu ndani ya divu ndani ya divu,
kama makasha ya mtu anayehama kwa hasira,
hakuna lililoandikwa kilichomo.
Hata jina lako, Nkwimba,
nililitia kwenye divu nikalivimbisha,
mfano wa mtu anayepayuka badala ya kujitambulisha.
Na yule buibui wa mitambo ya kutafuta,
anayepita usiku akiiorodhesha dunia,
naye hana macho.
Bluu yangu hakuiona hata siku moja.

Ndipo nikakumbuka magunia yako.
Kitambaa chekundu shingoni: dagaa wa Ukerewe.
Mafundo mawili: daraja la kwanza.
Kamba ya katani: chakula cha kuku.
Makuli hupakia alfajiri bila taa
na hujasikia gunia la Kahama limeshushwa Geita.
Kazi yangu uliijua kabla yangu.

Basi nikaanza kufunga mafundo.
Jina lako likawa h1, moja tu.
Bei nikazitoa kwenye picha nikazipa jedwali.
Maelezo ya chanja zako za Igombe yakawa makala,
na njia za kutembelea kurasa zikaitwa njia.
Anwani ikashuka kwenye futa.
Picha nayo nikaiandikia maneno yake:
*dagaa wakianikwa, saa nne asubuhi, kunguru mmoja.*
Nilifuta divu arobaini na moja.
Asubuhi ukaitazama, ukanitazama.
"Mbona ni ile ile?"

Ni ile ile. Na sitakudanganya mara ya pili:
hatujawa wa kwanza.
Wiki ya sita tuko ukurasa wa pili, chini,
tumebanwa na yule wa Musoma
mwenye miaka mingi mjini na wengi wa kumtaja.
Fundo haliongezi dagaa ndani ya gunia.
Linasema kilichomo, basi.

Ila jana Bulugu alipiga, hakuvuka.
Ameagiza magunia matatu akiwa kwake, kitandani,
kisha akaniita kwa jina, taratibu:
"Jedwali lako, mstari wa tatu.
Bei ya chenga ni ya mwezi uliopita."
Nkwimba, ni kweli.
Naibadilisha sasa hivi. Nitajie mpya.