Nafasi Tupu

Nilibeba kabati la Bi Lempi Saarela
ngazi ishirini na mbili, mjini Duluth, mwezi wa pili,
barafu ikivunjika chini ya buti kama biskuti.
Akanipa kahawa.
Akanipa glavu za marehemu mumewe,
akisema mikono yangu imepasuka.
Nikazivaa.
Hilo nalisema kwanza
kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi.

Bei aliisikia kwenye simu:
dola elfu moja na mia mbili, hadi Tucson, kwa bintiye.
Hakuna aliyekuja kuhesabu viti.
Hakuna aliyeshuka chumba cha chini akakuta
cherehani mbili, mitungi ya jemu, piano.
Rahisi ghali, ndiyo,
lakini rahisi huja na sauti tamu,
inakuita mama,
inakuuliza mguu unaendeleaje.

Corbin, msimamizi wetu, alimpa karatasi.
"Tia saini hapa. Mengine tutajaza njiani."
Nafasi tupu kumi na moja. Nilizihesabu.
Mdomo nilikuwa nao.
Kodi ya nyumba nilikuwa nayo pia.

Lori lilikuwa la kukodi
na jina letu lilikuwa sumaku mlangoni.
Malalamiko yakizidi tunalibandua,
tunabandika jingine:
gamba jipya, nyoka yule yule.

Lilipojaa, Corbin akapiga kufuli,
ndipo akatoa kikokotoo.
Mzigo umezidi. Ngazi zina bei yake.
Piano ina bei yake. Hata plastiki ya kufungia, kwa mita.
Elfu nne na mia sita, taslimu, sasa hivi,
la sivyo vitu vinakwenda bohari
na bohari hulipiwa kwa siku.
Bi Lempi alitazama kufuli, hakumtazama Corbin.
"Kitanda cha Onni kimo humo," alisema,
kana kwamba hilo lingepunguza hesabu.

Tukaondoka.
Kila shimo la barabarani piano ilitoa noti moja,
ileile, nyuma yetu, maili mia nne.
Des Moines, kwenye kituo cha mafuta,
nilishuka kukojoa, sikurudi, sikulipwa.
Nilimwandikia yule binti anwani ya bohari.
Sijui kama barua ilifika.
Sidai sifa: barua ni nyepesi kuliko kabati.

Mwaka jana nikahama mimi.
Watatu walinitajia bei; wa rahisi kuliko wote
aliniita kaka kabla sijamaliza jina langu.
Nikakata simu.
Marit Haugland alikuja mwenyewe na futi kamba,
akachungulia uvunguni, akafungua droo,
akauliza lifti ina upana gani.
Alikaa saa nzima. Alinichosha.
Nikaomba namba ya leseni, nikaipigia simu serikalini,
nikangoja na muziki wao hadi sikio likawa moto.
Nikaenda hadi uani kwao,
nikakwaruza jina la lori kwa ukucha.
Rangi. Halikubanduka.
Dereva mmoja alinitazama kama mwendawazimu.

"Malipo ya awali?" niliuliza.
"Utalipa vitu vikishuka," alisema Marit.
Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya yule wa kaka,
na iliandikwa yote, kwa wino,
kabla hajanipa kalamu.

Nilisoma mstari kwa mstari.
Godoro moja. Sufuria sita. Redio, mkwaruzo upande wa kushoto.
Mwishoni kabisa: glavu za ngozi, kuukuu, jozi moja.
"Hizi tuziwekee bima ya kiasi gani?"
Nikashika kalamu.
Nikaishika.
Chai yake ikapoa.
Hiyo ndiyo nafasi pekee niliyoiacha tupu.