Kadi Moja

Januari, saa kumi jioni, na Oulu jua limekwisha kututoka.
Juu ya duka la kutengeneza baiskeli tumekaa tisa,
viatu mlangoni, theluji yake imegeuka dimbwi,
na mimi, mwandishi wa kikao, ninaandika:
Ajenda ya tatu. Faili lile.

Faili lenyewe dogo, halimalizi hata sekunde kupakuliwa.
Bila hilo, kadi za waifai za miaka hii ni bubu.
Kampuni iliyolitunga imefungia msimbo wake kabatini;
sisi turuhusiwa kulibeba tu, tusilifumbue.

"Mbuzi kwenye gunia," anasema Aulis.
"Miaka kumi na minane tunawaambia watu:
kila kilichomo humu utakifungua, utakisoma, utakirekebisha.
Kila. Hatukusema karibu kila."
Anaongea polepole, kama anayehesabu chenji.

Hillevi hakubali. Alikuwa mkutubi;
anajua mtu akikuta mlango umefungwa mara moja, harudi.
"Tulijengee banda la pembeni, tuandike mlangoni:
hiki si huria. Anayetaka achukue akijua."
"Atalifikiaje banda," anauliza Joonatan,
mdomo umejaa mkate wa mdalasini,
"ikiwa kulipata faili kwahitaji mtandao,
na kuupata mtandao kwahitaji faili?"
Tunacheka. Aulis hacheki.
Ninaandika: kicheko. Ninafuta.

Máret katoka Utsjoki, saa nane ndani ya basi.
Usiku, akishasahihisha madaftari ya wanafunzi,
hutafsiri menyu zetu kwa Kisami, bila malipo,
na kuna neno moja, "futa," lililomchukua wiki nzima
kwa kuwa bibi yake alikuwa na mafuta matano:
la nyayo, la ubao, la deni...
Kompyuta ni ya shule, mpya. Haioni mtandao.
"Maneno mia nne yamekaa humu," anasema, "hayana pa kutokea."
Hillevi anamgeukia Aulis: umesikia?
"Hapana," anasema Máret. "Msinifanye hoja.
Sijui hata mimi ningepiga kura wapi.
Lugha yangu ilishawahi kukaa nyumba ambazo funguo wanazo wengine."

Kimya. Kipasha joto kinagonga ukutani.

Wanne kwa wanne. Wananitazama mimi.
Naandika: itaendelea mwezi ujao.

Wengine wanatafuta glavu. Aulis kapindua kompyuta yake,
lile dude zito analolibeba tangu nimfahamu,
anachokoa skrubu kwa bisibisi ya miwani,
anatoa kadi ya zamani, isiyodai siri ya mtu,
na kumwekea Máret ndani ya ile mpya.
Yeye atatumia waya, anasema.

Taa za mtandao zinawaka. Máret anatuma.
Mia nne. Anahesabu kwa midomo.

Nilitaka kumwuliza Aulis: na wa kesho,
wa Manaus, wa Ulan Bator, asiyejua ngazi zetu,
huyo utampa nini? Kadi ilikuwa moja.

Sikumwuliza. Skrubu ya mwisho ilikuwa imedondoka.
Nilipiga magoti karibu naye, nikamshikia tochi.