Lugha ya Mwezi wa Pili

Siku ya kwanza, Mabela, saa nne ya asubuhi,
boneti zimepangwa safu, haigusiki hata moja kwa joto,
nilimnong'oneza mama neno moja tu:
"Ghali."
Mundhir alikuwa akigombana Kiarabu na simu mbili.
Akageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.
"Ala! Kumbe watu wa nyumbani!"

Basi tena. Viti vikavutwa, kahawa ikamiminwa.
Babu yake kumbe kazikwa Wete.
Akamchimba mama ukoo mpaka akampata
shangazi wa shangazi, marehemu wote wawili,
na lile gari la kijivu, lililokuwa gari tu,
likawa jamaa.
"Alikuwa nalo bikizee, dada. Sokoni na kurudi."
Na giaboksi? "Miezi mitatu juu yangu.
Karatasi ya nini baina yetu? Shika ulimi wangu."

Nikatoa upatu, zamu niliyoingojea miezi kumi na minane,
riali elfu moja na mia tisa
zimefungwa kwa mpira wa nywele.
Mama akasoma Fatiha, kiganja juu ya usukani.

Siku ya ishirini na sita tunakwenda Quriyat, msibani.
Mlima wa Amerat, katikati ya kupanda,
gari likanguruma, likasita,
likaanza kurudi nyuma
polepole, kwa adabu,
kama mgeni anayeondoka bila kuaga.
Lori la maji nyuma yetu linapiga honi.
Mama kaikumbatia chupa ya kahawa ya matanga,
anasoma, wala si Fatiha tena.

Nilimpigia. "Pole sana, dada. Lilete."
Pole ile ilikuwa bado Kiswahili.

Wiki ya pili: "Dada, bukra, inshallah."
Nusu kwa nusu.
Wiki ya tatu, Kiarabu kitupu.
Nami Kiarabu nakijua, nafundishia hesabu,
lakini kile hakikuwa cha kunieleza kitu.
Kilikuwa komeo.
Wiki ya tano simu ikapokewa na Sajeevan,
kijana wa Kerala anayeosha magari.
"Bosi Dubai, madam."
Na nyuma yake namsikia Dubai anakohoa.

Nikaenda mwenyewe, teksi riali nne.
Uani, giaboksi imelazwa juu ya boksi la mashine ya kufulia,
tumbo wazi, vumbi limeshaingia.
Betri haipo. Redio haipo.
Kwenye kiti changu paka kazaa,
watoto watatu, macho hayajafunguka.
Nikasema, haya, angalau wapo
waliohudumiwa.

Sajeevan akaniletea maji baridi.
Akatazama kulia, akatazama kushoto,
akaonyesha pale penye namba za kilomita,
kisha akazungusha kidole hewani, kurudi nyuma,
kurudi, kurudi, kurudi.
Akaenda zake na ndoo.

Ndipo nikaisikia kutoka ndani,
changamfu, imepashwa moto upya:
"Ala! Kumbe watu wa nyumbani!"

Kijana na mkewe, mimba ya miezi saba hivi.
Viti vimeshavutwa. Babu wa Wete kashafufuliwa.
Mundhir akaniona mlangoni. Akanisalimu kwa Kiarabu,
vizuri sana, kama mtu asiyenijua.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima:
polisi, baraza la walaji, haramu, fedha zangu.
Yote yakanitoka.
Nikamwangalia yule mwanamke, mkono juu ya tumbo,
kikombe bado hajakinywa.

"Mwanangu," nikamwambia, kwa lugha yetu,
"injini usiiulize, itakudanganya.
Muulize huyu kitu kimoja:
mwezi wa pili
atakuwa anasema lugha gani?"