Ripoti ya Mkaguzi wa Tiketi

Mkaguzi kutoka wilayani alikuja Jumanne saa nne.
Sisi tulijua tangu Jumamosi.
Tulijua kwa mashuka, yaliyotoka kabatini
yakiwa bado na mikunjo ya dukani,
na kwa sabuni iliyokaa bafuni nzima, haijaguswa,
kama mgeni asiyejua aketi wapi.
Tulijua kwa nyama.

Kijana nadhifu. Kalamu mbili, ubao wa kuandikia,
viatu ambavyo vumbi la saruji la Tororo halijavizoea.
Alihesabu vitanda: kumi na tisa.
Vyandarua: kumi na tisa.
Akabonyeza kengele ya ukutani, ikalia,
akatia alama ya vema.
Bwana mdogo, kengele hulia siku zote.
Cha kuuliza ni nani anakuja.

Mimi, Yeremia Obbo, nilikagua tiketi miaka ishirini na sita,
Tororo kwenda Soroti, Soroti kwenda Pakwach,
daraja la tatu, kuku chini ya viti.
Aliyelipa hutazama dirishani.
Asiyelipa hukusalimia kwa jina la baba yako.
Siku ile meneja alimsalimia kijana
akamuulizia mpaka ng'ombe wa kwao.

Na chooni hakufungua.
Miaka yote ile, wasiolipa niliwakuta chooni!
Mlango wa choo cha wanawake hauna komeo tangu Pasaka.
Bi Amoding, aliyefundisha hesabu nusu ya mji huu,
huenda huko akiimba kwa sauti
ili mtu asiingie.

Basi nimeandika yangu,
nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

Jumatano usiku, kengele ya Emuron: dakika arobaini.
Alhamisi: dakika saba. Zamu ya Asire.
Ijumaa Emuron hakupiga. Alisema amezoea
kulala majimaji.
Hilo sikujua niliweke safu gani.

Uji: moto siku nne, vuguvugu mbili,
Jumapili ulikuja na kwaya.
Dawa za presha: ziliisha tarehe kumi na moja.
Tukaambiwa tusikasirike.
Kucha: zangu alizikata Asire, kwa wembe wake mwenyewe,
akinisimulia kesi ya shamba la mama yake,
mpaka nikasahau kwamba miguu ile mibaya ni yangu.
Fomu ya kijana haina mstari wa kucha.
Wala haina mstari wa Asire,
ambaye hajalipwa miezi miwili
na bado hubisha hodi kabla ya kuingia.

Mwisho kijana alifika kitandani kwangu.
"Mzee, mnatunzwa vizuri?"
Meneja alisimama nyuma yake, akiitabasamia dari.

Nilikumbuka usiku mmoja, kabla ya Lira,
nilipomshusha mtu asiye na tiketi katikati ya nyika.
Sheria ilikuwa upande wangu.
Treni ikaondoka, naye akabaki
anashika kofia yake.
Hapa pakifungwa, Emuron ataenda wapi?
Simu za wanawe hazishiki.
Chumba changu mwanangu amempangisha muuza spea.

Nikasema, "Vizuri."

Akaandika. Aliandika hata kabla sijafunga mdomo.

Koleo langu la kutobolea tiketi liko chini ya mto;
shirika lilikufa bila kuja kulidai.
Jana usiku niliitoboa kalenda,
tundu moja kwa kila mara kengele ilipoitikiwa,
nikaiinua kwenye taa ya varanda.
Mwanga ulipita mahali pachache.
Karibu pote palikuwa Alhamisi.

Asubuhi Asire aliiona akacheka:
"Mzee, panya wamekula mwaka wako?"
Nikamwomba bahasha.
"Ya nani?"
Ya yule kijana, nikamwambia.
Ameshuka, na tiketi yangu
hajaiona.