Mshono wa Daktari

Siku ya tatu, bandeji ilipofunguliwa,
niliomba miwani yangu kabla ya maji.
Nikahesabu: pini ishirini na tatu,
za bati, kama za kubania karatasi ofisini,
kutoka juu ya goti hadi kwenye muundi.
Mwanangu Saumu aligeuza uso. Mimi nikasema,
huyu hajashona, kabana tu.
Angekuwa mwanafunzi wangu ningemwambia fumua, anza upya.
Halafu nikaogopa nilichokisema.

Sasa nipo nyumbani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Kitanda kimesogezwa dirishani
nitazame baiskeli za watu zikipita
na magoti yao, Mungu wangu, magoti yao,
yanapanda na kushuka bila kubembelezwa.

Kijana wa mazoezi, Shekiondo, huja Jumatatu na Alhamisi
na kidude cha plastiki cha kupimia pembe.
Sabini, anasema. Tunaitaka tisini.
Nikimaliza kulia namwuliza, sabini ya nini?
Mimi nazijua inchi, na nusu, na robo.
Akiondoka naitoa futi yangu shingoni,
nalizungusha: kumi na saba na nusu.
La pili, kumi na nne.
Nimeandika kwenye daftari la wateja,
chini ya kifua cha Mama Hidaya.

Choo changu ni cha kuchuchumaa.
Fundi Mhina alitoboa kiti cha plastiki kwa msumeno.
Sisemi zaidi.

Barafu tunanunua kwa jirani, za ubuyu, za mifuko.
Za maji matupu hana, na baridi ni baridi.
Alfajiri moja mfuko ukapasuka,
Saumu akaona wekundu kwenye shuka, akapiga yowe,
chumba kikajaa watu, mmoja ameshaanza inna lillahi.
Nikachovya kidole, nikalamba.
Sukari imezidi, nikawaambia.

Usiku hauna wa kuuchekesha.
Usiku goti ni mtu wa pili kitandani,
lina joto, halitaki kugeuka.
Marehemu Mbaruku alikuwa vivyo hivyo,
ila yeye alikoroma, nikajua kalala.
Hili halilali. Tunaingoja pamoja dawa ya saa nane,
tunasikiliza feni, tunasikiliza malori ya saruji.
Linataka mto chini yake na mto limekatazwa:
likidekezwa, litapona likiwa limepinda.
Nalinyima. Nalia kwa niaba yake.

Naswali kitini. Paji langu la uso
limeizoea sakafu tangu utoto,
sasa linaishia hewani,
kama pindo ambalo mtu kaliacha, kaenda kupokea simu.

Cherehani iko kona ile, imefunikwa kanga.
Kanga ina maneno yake, nimeigeuza juu chini nisiyasome.
Kukanyaga, miaka thelathini na moja:
sare za shule, magauni ya harusi,
ada ya Saumu, bati za nyumba hii.
Daktari aliitazama picha, mfupa juu ya mfupa,
akauliza, mama, ulikuwa unafanya kazi gani?
Ulikuwa!
Nikamjibu, nashona.

Leo wiki ya tano. Kijana kasema themanini na sita.
Saumu yuko sokoni. Nimechukua magongo yangu,
hatua kumi na moja, nimehesabu, ya saba ilikuwa mbaya.
Nimekaa. Nimeuweka mguu kwenye kanyagio.
Uzi sikutunga.
Nikasukuma, gurudumu likarudi nyuma
kama linavyowarudia wanaojifunza.
Nikatukana kidogo. Nikasukuma tena.

Mama Hidaya akachungulia dirishani:
sauti hiyo! Gauni langu je?
Nikamwuliza, harusi lini?
Ijumaa.
Nikasema, ipi?